Nilitangaza kanisani kwamba binti yangu amenena kwa lugha, kumbe ulikuwa wimbo wa Kijapani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Naishi La Rochelle, Johannesburg. Chumba cha mbele nashonea nguo, cha nyuma tunalala mimi na binti yangu wa miaka kumi na sita. Ukurasa huu nausoma kila siku, na nimewahi kuwacheka watu wanaoandika hapa. Leo ni zamu yangu. Nificheni jina, na kanisa langu msilitafute.

Binti yangu alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa, ila mara nyingi hujibu kwa Kiingereza. Mwaka 2018 alipenda kundi la vijana wa Korea, wavulana wenye hereni na midomo inayong'aa, akabandika picha yao ndani ya kabati. Niliichana, nikamwambia nyumba ya maombi haina nafasi ya mashetani. Aliokota vipande akavitupa, na mimi nikajisifu kwamba nimejua kulea.

Jumamosi moja mchana nilirudi mapema kutoka kununua uzi, nikasikia sauti chumba cha nyuma. Kuchungulia, namwona mtoto amepiga magoti, kichwa chini, macho amefumba, jasho linamtoka. Anatamka maneno ambayo si Kiswahili, si Kizulu, si Kifaransa. Akainuka taratibu, mkono mmoja juu, mwili wote unatetemeka. Alikuwa amevaa koti lenye kofia iliyofunika masikio, na muziki sikusikia wowote. Ninyi mliookoka mnajua nilichofikiri. Nilianguka palepale mlangoni nikalia kwa furaha.

"Mwanangu, umepokea Roho?"

Alinitazama kama mtu aliyekamatwa anaiba. Kisha akasema, "Ndiyo, Mama."

Jumapili nilishika kipaza sauti nikatoa ushuhuda. Mimi ambaye miaka yote nakaa viti vya nyuma, kanisa zima lilinishangilia. Mchungaji akamwita mtoto mbele aombe, naye kwa woga akarudia maneno yaleyale. Kwetu mtu akinena kwa lugha, lazima mwingine atafsiri. Kuna mama mwombezi mwenye karama hiyo. Alifumba macho, akatafsiri: "Bwana anasema, acheni kutegemea mikono ya wanadamu." Tukapiga vigelegele.

Palikuwa na baba mmoja wa Fizi, nitamwita Papa Amani, mlinzi wa ghala kule Doornfontein, mwenye mke na watoto watatu. Alikuwa anameza vidonge vya kifua kikuu vya kliniki, amebakiza miezi miwili amalize. Wiki ile binti yangu alimwekea mikono, na tafsiri ikatoka ileile. Papa Amani akaacha vidonge.

Baada ya majuma kadhaa tukasikia anakohoa damu. Siku hiyohiyo binti yangu alikuja nilipokuwa nashona, akaweka simu yake juu ya kitambaa. Walikuwa wale vijana wa Korea. Wamepiga magoti, vichwa chini. Wakainuka taratibu, mkono mmoja juu, miili inatetemeka. Nikasimamisha cherehani.

"Mama, ni wimbo," alisema. "Wanaimba Kijapani. Mutu anamukumbuka mupenzi wake, basi. Mimi nilikuwa najifunza kucheza na earphones, sikukuwa naomba. Niliogopa utanipiga. Eish, Mama, umuambie Papa Amani arudilie dawa. Atakufa."

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Siku ile Papa Amani alikuwa hai. Alikuwa bado anatembea mwenyewe. Kwake ni mitaa miwili tu kutoka kwangu. Na mimi nikamjibu mtoto wangu, "Nyamaza. Unataka batu batuone namna gani?"

Nilikuwa nimeshachaguliwa kiongozi wa wamama, na kongamano letu lilibakiza wiki mbili. Nikajiambia nitasema likiisha. Wala si sifa peke yake. Wenyeji walipovunja maduka ya wageni, kanisa lile ndilo lilitupokea, tukalala juu ya viti vyake. Tukifukuzwa pale hatuna mtu mjini hapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi niliyaficha mimi, kifo kikamchukua mwingine.

Papa Amani alikufa kabla ya kongamano kuanza. Makaburini mjane wake alimkumbatia binti yangu, akamshukuru kwa maombi yake. Mtoto akatapika palepale, watu wakasema ni upako. Tangu siku ile haimbi, hachezi, na chakula nilichopika mimi hagusi. Ananiona muuaji.

Sasa kilichonifanya niandike. Jana yule mjane alikuja hapa ninaposhonea na kitinda mimba wake wa miaka minne. Mtoto amekonda, anakohoa. Nikamwambia, "Mama, umupeleke kliniki leo."

Akatabasamu. "Hapana, dada. Siku ya Mungu, kanisani, binti yako atamuombea. Baba yake alikufa juu ya imani yetu ilikuwa kidogo."

Binti yangu alisikia yote kutoka chumba cha nyuma. Mjane alipoondoka, akatoka, akaniambia, "Kama hauendi kumuambia kweli, nitaenda mimi." Nikamwapia kwamba nitakwenda mwenyewe leo asubuhi. Sasa ni saa kumi jioni. Nimefika kwenye geti lao mara mbili nikarudi. Mara ya pili nilimsikia yule mtoto akikohoa ndani.

Msiniambie nitubu, hilo nalijua. Wala msinitukane leo, nitukaneni kesho. Nishaurini hili tu, na upesi: huyu mama akinifungulia mlango, mtoto yuko mgongoni mwake, anakohoa, mimi naanza na neno gani?