Niko kwenye Dozi

Kwa miaka minne, kila nilipokaribishwa pombe nilikuwa na jibu moja: "Niko kwenye dozi." Huku kwetu Uchagani ukisema umeacha, watu wanakubembeleza. Ukisema umeokoka, wanakuhesabia siku. Lakini dawa inaheshimiwa. Mtu akisikia dozi anakuagizia soda na habari inaishia hapo. Mimi, fundi seremala niliyewahi kuiuza randa yangu mwenyewe sokoni Kiboriloni ili ninywe, nikaona nimekuwa mjanja kweli.

Kosa langu nilisahau kwamba dozi huwa ina mwisho. Ya malaria ni siku tatu. Yangu ilimaliza mwaka, ikaingia wa pili, wa tatu, na wala sikufikiria kuwa watu wana akili zao. Kule nyumbani Marangu walianza kunong'ona. Siku moja shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuja amebeba sufuria la mtori, supu yetu ya ndizi, uliokolea nyama, kama anakuja kumwona mzazi aliyejifungua jana. Akanishika mkono akalia.

"Mwanangu, siku hizi watu wanaishi nayo mpaka wanazeeka. Usiache tu dawa."

Nilimshukuru, nikaunywa mtori wote. Nilimwacha aondoke akiamini ninaumwa, maana niliona afadhali aibu ya ugonjwa kuliko kutamka kwamba mimi ni mlevi. Ulikuwa upumbavu, na ulikuwa wangu mwenyewe.

Kisha binti yangu akapata mchumba kutoka Kibosho. Barua ya posa ikaja, siku ya mahari ikapangwa, na binti akaja karakanani kwangu amevimba kwa hasira.

"Baba, wanauliza unaumwa nini. Nimewaambia huumwi, wanasema nawaficha. Wanaogopa kuoa kwenye nyumba yenye siri."

"Waambie basi..."

"Waambie wewe! Tulikuvumilia ukinywa. Umeacha, ndiyo unatuaibisha?"

Na kulikuwa na jambo lingine. Wakwe wakileta mahari wanakuja na mbege, pombe yetu ya kienyeji, na kata ya kwanza ni ya baba wa binti. Ukiirudisha, umeikataa posa. Ukiinywa, kwa mtu kama mimi, umerudi ulikotoka. Mbege ni ndizi na ulezi tu, atasema mtu. Mimi nilianzia kwenye hiyo hiyo ndizi na ulezi.

Kila Jumamosi nakutana mjini Moshi na wenzangu tulioacha. Nikawaeleza. Hawakunihurumia hata kidogo. Walinisimamisha, wakaniambia niyaseme hapo hapo nitakayowaambia wakwe. Nikagugumiza. "Rudia," wakasema. Nilirudia mpaka sauti ikaacha kuyumba.

Siku ikafika. Uwanja wetu katikati ya migomba ulijaa viti. Mzee wa upande wa kijana alichota mbege kwa kata, akaonja mwenyewe kama desturi ilivyo, akaniletea. Niliipokea kwa mikono miwili. Harufu ikanipanda puani na mate yakajaa mdomoni. Nasema wazi, niliitamani. Miaka minne na ushee, na bado niliitamani. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu, tulikuwa tumeshakubaliana.

"Wakwe zangu," nikasema, "mimi siumwi. Mimi ni mlevi. Nimeacha, huu ni mwaka wa tano, na nikionja hii moja sitaishia kwenye hii moja. Posa nimeipokea kwa moyo wote. Mdogo wangu atakunywa kwa niaba ya nyumba hii."

Nikampa kata.

"Mae!" shangazi akapiga kelele kutoka upande wa akina mama. "Kumbe mtori wangu uliunywa bure!"

Watu wakaangua kicheko, na mke wangu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mzee wa Kibosho akatikisa kichwa. "Mangi, tulikuja tukijua tunaposa kwa mtu wa kuzikwa kesho. Mlevi aliyeacha tunamweza." Mdogo wangu akanywa, vigelegele vikapigwa, na binti yangu akaitwa aje asalimie wakwe zake.

Tangu siku hiyo sidanganyi tena. Nikikaribishwa nasema nimeacha, na anayebembeleza namwacha abembeleze mpaka achoke. Huwa anachoka kabla yangu.

Kipaimara cha binti huyu nakijua kwa picha tu. Nimo pichani, nimevaa suti, nimemshika bega, nacheka, na sikumbuki chochote tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya mahari yake naikumbuka yote: nani alikaa wapi, nani alisema nini, na binti alivyonitazama alipotoka mlangoni, akinitafuta kwanza mimi kabla ya mchumba wake.