Turubai la Bwawa la Mzee Maduhu

Hosiana alijifunza kutunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Geita, ingawa yeye mwenyewe hajui kuogelea wala hana hamu ya kujua. Kwa hiyo Mzee Maduhu, aliyepata dhahabu akajenga nyumba yenye bwawa huku Runzewe, alipotafuta wa kulitunza, hakumpata mwingine.

Mwezi wa sita baridi ya asubuhi ilianza kuuma na upepo ukaleta vumbi. Wajukuu wa Mzee wakaacha kuogelea.

"Tulifunike mpaka mvua zirudi," Hosiana akashauri. Mzee akakubali, akaenda zake Kahama kwa siku tatu.

Siku mbili Hosiana alisugua ukijani kwenye kuta za bwawa, akaopoa majani kwa wavu, akatia klorini, akazima pampu. Siku ya tatu Maganga, muuza maturubai, akamletea kwa guta turubai la bluu, kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Juu yake alikuwa amepakia viti vya plastiki alivyokuwa akivipeleka harusini. Akaliacha guta getini, wakaingia na Hosiana kulitandaza turubai.

Jirani yao, Mama Justa, aliona turubai, akaona viti. Hakuuliza; turubai na viti ni msiba. Alijifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia tangu barabarani.

Hosiana alikuwa amepiga magoti anafunga kamba. Alipoinua kichwa, wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshaingia na kuni na unga, na wanaume walikuwa wanashusha viti.

"Jamani, viti vya harusi hivyo!" Maganga akapiga kelele.

"Kaka, kuwa na utu," mmoja akamjibu, akaketi.

Hosiana akamfuata Mama Justa, maana naye alishaanza kuogopa. "Shikamoo, mama. Nani amefariki?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye wa humu ndani?"

"Mimi nafunika bwawa."

Mama Justa akamkumbatia. "Pole, mwanangu. Uchungu unachanganya akili."

Hapo ndipo Mzee Maduhu aliporudi. Kuwaona watu tu, mkoba ukamponyoka. "Mayu! Mama yangu amekufa!" Akaanguka chini na suruali yake nyeupe, akagaragara vumbini. Waombolezaji, waliokuwa hawajui wanamlilia nani, sasa walijua, na kilio kikaongezeka maradufu.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Salome, mama yake Mzee Maduhu, mwenye masikio mazito na usingizi mzito zaidi, akatoka na mkongojo wake.

"Nani kafa?"

Mzee Maduhu akamtazama kutoka chini alipolala. "Wewe, mama."

"Mimi? Lini?"

Hosiana ndiye aliyeanza kucheka, kisha hakuna aliyeweza kujizuia. Mama Justa alitaka kuondoka na unga wake, lakini Bibi Salome akamzuia kwa mkongojo. "Unga haurudi. Pikeni." Akaketi mbele ya wote, akaagiza kila mmoja aseme mazuri aliyokuwa ameandaa kumsemea. Wengi walibabaika. Walikuja na unga tu.

Maganga alichelewa na viti vyake, akafika harusini wageni wamesimama ukutani. Hosiana alimalizia kamba zake huku anakula ugali.

Bibi alisikiliza sifa zake mpaka jua likatua, halafu akamgeukia mwanawe.

"Ulivyolia nimependa," akasema. "Ila siku yenyewe ikifika, usivae suruali nyeupe."