Ndimu ya Fundi wa Kisima

Fundi wa kile kisima karibu na Makindu hutembea na ndimu mfukoni. Mimi mlinzi wa lango nilidhani ni ya chai. Kila asubuhi huchota kwa kiganja majivu yaliyotupwa na kiwanda cha saruji, akayapekua kwa kidole kama anayetafuta mawe kwenye maharagwe. Ndipo huruhusu yakorogwe na maji, yasukumwe chini ya ardhi pamoja na moshi wa kiwanda hicho hicho. Vidole vyake vimepasuka. Pampu ikinguruma hapazi sauti, hungoja tu inyamaze.

Juzi, wafanyakazi walipotoa kipande cha jiwe kutoka chini kabisa ya kisima, jirani yetu Nzisa alifika na mtungi mtupu wa lita ishirini. "Huku kwetu kisima huchimbwa ili tuteke maji, mwanangu," akasema. "Wewe unamwaga moshi. Na ukiturudia?"  Fundi alimwonyesha mishipa myeupe ndani ya jiwe jeusi, akaikwaruza kwa kisu, akaikata ndimu, akadondosha tone moja. Jiwe likatoa povu.

"Moshi ndio huo, mama. Majivu yameugeuza kuwa jiwe."

Nzisa aliweka mtungi chini, akainamisha sikio. Povu lilikuwa likinong'ona. Hata mimi nililisahau lango.

"Hebu tena," akasema taratibu.

Fundi alikuwa ameshalifuta jiwe kwa ncha ya leso yake. "Hapana, mama. Huo moshi kidogo uliotoka kwenye povu umetuchukua miaka miwili kuufunga."