Mayu Alipowasikiliza Samaki

Juzi sokoni Bariadi nilimwona mwanamke amesinzia mbele ya mafungu yake ya dagaa, nikamkumbuka mayu, mama yangu, alasiri moja kule Mwamanyili. Baba alikuwa mgonjwa kitandani, kwa hiyo mama ndiye aliyepalilia pamba tangu alfajiri, kisha akaingia ziwani nami kwa mtumbwi kututafutia kitoweo. Ziwa lilikuwa limetulia, maji hayazidi kiuno cha mtu mzima, yananuka tope na matete. Alipochoka kupiga kasia alinishikisha mshipi, akalaza kichwa juu ya magoti yake.

"Mayu, umelala?"

"Nawasikiliza samaki. Nyamaza."

Mtumbwi ukasogea polepole mpaka kwenye matete. Ghafla mshipi ukavutwa, ukanichana kidole, nami nikauma midomo nisimsumbue, hadi ukakatika. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa linazama.

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unawasikiliza."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma. Nilidhani anamlilia yule samaki. Nikamwahidi kwamba kesho nitamshika mwingine, mkubwa zaidi, yeye asikilize tu.