Kigelegele cha Bimdogo

Mzee Ame alitoka mji wa Ibra mpaka mji wa Nizwa na kanda moja mfukoni. Ilikuwa taarabu ya harusi, iliyopigwa na wakongwe wa udi na fidla. Adil, fundi wa redio, akaihamishia kwenye simu.

"Nimekusafishia, babu. Makelele yote nimeyatoa."

Ame akasikiliza mpaka mwisho. Udi ulilia kama umepigwa jana.

"Na mke wangu umempeleka wapi?"

"Kwani alikuwa mwimbaji?"

"Alikuwa mtazamaji. Ubeti wa tatu aliinuka kumtunza mwimbaji kwa noti, akapiga kigelegele. Ndicho nilichokifuata."

"Kitaharibu muziki, babu!"

"Na uharibike."

Ame akavuta kiti, akavua viatu, akakaa. Akasema hatoki dukani mpaka kanda ihamishwe upya, na makelele yake yote. Adil akacheka, kisha akaona mzee hacheki, akaianza tena.

Ubeti wa tatu ulipofika, sauti ya Bimdogo, mkewe aliyezikwa miezi mitano nyuma, ikapanda juu ya fidla.

"Wallahi, bibi alikuwa na pumzi!"

"Huyo," Ame akasema, akainuka kutafuta viatu vyake.