Mzee Komeo Anabonyeza Hapana

Mimi ni mshonaji, na sipendi kugongewa mlango nikiwa na nguo ya watu kwenye cherehani. Mzee Komeo alilijua hilo, na bado alikuwa akinigongea. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa vitasa na kufuli, jina akalipata huko, na hakuna mlango katika jengo letu ambao haujapita mikononi mwake. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Mtoto ni mmoja tu, wa kiume, mtaalamu wa kompyuta katika mji wa mbali, mtu wa "Baba, niko kikaoni."

Huyo kijana ndiye aliyemletea baba yake kompyuta. Akaipanga kwa akili. Baba asome habari, atazame picha, basi. Programu yoyote ikitaka kubadilisha kitu ndani ya mashine, kinatokea kisanduku kinachouliza kama inaruhusiwa, na bila nenosiri hakuna kinachobadilika. Nenosiri analo kijana peke yake. Mzee alifurahi mno.

"Hivi ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa," aliniambia. "Mgeni abishe hodi, na ufunguo awe nao mtu mmoja."

Basi kisanduku kikitokea, mzee anampigia mwanawe. Kijana anaingia kwenye kompyuta kwa mtandao kutoka hukohuko aliko, na mshale unaanza kutembea wenyewe kwenye kioo, unafungua hiki, unafunga kile. Siku moja nilimkuta mzee amevaa shati la kutokea, amechana hadi ndevu, ameketi wima mbele ya mashine.

"Mzee, huyo hakuoni."

"Najua. Lakini wewe si unamwona anavyopita? Sasa hivi kafika kwenye picha za mama yake. Tazama, amesimama."

Nikatazama. Kweli mshale ulikuwa umesimama. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Ila vile visanduku vikazidi. Leo kisanduku, kesho kisanduku, na mashine yenyewe mpya. Nikaingiwa na shaka, nikaenda kuchungulia. Loo! Nikamfuma anapakua mchezo wa mashindano ya magari.

"Mzee! Wewe hata baiskeli hujui, magari ya nini?"

"Punguza sauti," akasema, na hakunitazama. "Akija kuufuta nitakaa naye kidogo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Nikamwambia ampigie mwanawe kama watu wanavyopigiana, amwambie, mwanangu nimekukumbuka.

"Hiyo 'nimekukumbuka' haina haraka," akanijibu. "Ataiweka kiporo. Kisanduku ndicho kisichosubiri."

Za mwizi arobaini. Kijana aliziona zile takataka zote akachemka. Mlango ulikuwa wazi na simu iko kwenye spika, nikasikia kwa masikio yangu.

"Baba, michezo hii ya bure ndiyo inayobeba virusi! Siku moja utamfungulia mwizi kwa mkono wako. Nenosiri nakutumia kwenye simu. Programu unayoijua, ruhusu. Usiyoijua, bonyeza Hapana. Mimi nina kazi!"

Hapo kijana alikosea, maana ufunguo hautupwi kwa hasira. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzee akabaki na ufunguo asioutaka, simu zikakoma, na shati la kutokea likarudi kabatini.

Kisha mchana mmoja akanigongea kwa nguvu. "Mwanangu, njoo uone!"

Kwenye kioo kisanduku kilikuwa kimejitokeza chenyewe. Hakuna aliyepakua kitu siku hiyo. Programu isiyojulikana mtengenezaji wake ilikuwa inataka kufanya mabadiliko kwenye kompyuta. Bila shaka iliingia na ile michezo, ikajificha humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee akabonyeza Hapana. Kisanduku kikarudi. Akabonyeza tena. Kikarudi tena.

"Mpigie mwanao," nikamwambia.

"Nimempigia, hapokei. Keshazoea uongo wangu."

Vidole vyake vikasogea juu ya herufi, vikakaa pale.

"Nikiliandika lile neno, itaharibika yote," akasema taratibu. "Haitatengenezeka kwa mshale. Itabidi aje mwenyewe. Atalala pale." Akanionyesha kwa kidevu chumba cha ndani, kitanda kimetandikwa na hakuna anayekilalia.

Jamani! Moyoni nilisema, andika mzee, aje huyo mwana asiyejali.

Alikaa hivyo mpaka kijasho kikamtoka kwenye paji la uso. "Sijawahi kumfungulia mlango mtu nisiyemjua," akasema mwishowe. Akabonyeza Hapana, akachomoa waya wa mtandao, kisha akaiamuru kompyuta ijikague virusi kama alivyofundishwa. Ikamkuta mwizi, ikamfuta.

Jioni kijana akapiga. Mzee akamsimulia yote, akiyarefusha kila alipopata mwanya.

"Baba, safi sana!" kijana akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Umefuzu. Sasa hata nikipotea mwezi mzima sina wasiwasi na wewe. Haya, naingia kikaoni."

Simu ikakatika. Mzee akaendelea kuishikilia sikioni.

"Amenisifu," akasema, na machozi yakamlenga. Mimi iliniuma, tena iliniuma sana, nikajifanya naokota uzi kwenye gauni langu.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwanangu, kitasa chako kile hakijalegea?"

Kitasa changu alikifunga yeye mwenyewe, na mpaka leo kigumu kama siku ya kwanza.

"Kimelegea, mzee," nikasema. "Kinanisumbua kweli. Njoo kesho asubuhi, na uje na nafasi, maana si kazi ya mara moja."

"Nitakuja na vifaa vyangu vyote," akasema.

Nikaingia kwangu, nikafunga mlango, nikaanza kutafuta bisibisi.