Vumbi la Behewa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mjini Buffalo, Marekani, nilipokuwa nikipiga msasa ubavu wa behewa kuukuu la abiria, na chini ya rangi nyeusi zikajitokeza herufi za dhahabu. Mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, nimesikia umepata kazi ya kupaka rangi huko Columbus, ndiyo maana nakusimulia habari ambayo sipendi kuisimulia.

Katikati ya muongo uliopita niliajiriwa kwenye karakana ndogo iliyokuwa ikiyarudishia mabehewa ya zamani sura yake ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta rangi ya asili: unakwangua tabaka baada ya tabaka, nyeusi, kijivu, kijani, mpaka unafikia ile ya damu ya mzee na maandishi yake, kisha unayanakili. Niliipenda mno. Nilijiona bingwa.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Earl, Mmarekani aliyeandika herufi za treni tangu ujana wake. Alinikuta nakwangua pakavu, bila barakoa.

"Lowesha kwanza," akasema. "Rangi hizi zina risasi, madini yenye sumu. Na hilo ovaroli usiende nalo nyumbani."

Nikacheka. "Mzee, kwa maji tutamaliza lini?"

Akaniwekea barakoa juu ya ngazi, akaenda zake. Sikuigusa.

Kila jioni nilirudi Grant Street, tulikopanga juu ya duka la vyakula. Binti yangu Neema, wa miaka miwili, alinirukia na kuzamisha uso kwenye ovaroli lililojaa vumbi la rangi. Baada ya miezi akawa hataki kula, analia tumbo, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Hospitalini wakampima damu, wakakuta risasi nyingi. Daktari akauliza nafanya kazi gani. Nikaelewa kabla hajamaliza swali.

Mama Neema akanivuta pembeni.

"Hukuonywa?"

"Nilionywa."

"Ukasemaje?"

"Nilicheka."

Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akahamia kwa dada yake, mjini Whitehall, na ilipita miezi mingi kabla hajaniruhusu nimpakate tena. Mzee Earl alipokuja kunijulia hali aliniambia jambo moja tu: "Behewa lile lilikuwa limesimama miaka na miaka. Wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"

Dawa ilipunguza sumu mwilini, lakini yaliyokwisha kuharibika hayakurudi. Neema sasa ni msichana mkubwa, na kusoma bado kunamtoa machozi. Akiniuliza kwa nini, kwa Kiingereza chake, namwambia ukweli kwamba ni mimi. Behewa lenyewe, nikwambie tu, lilipendeza. Watu hupigia picha pale.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Aliyekutangulia kazini akikuonya, fanya kwanza, maswali baadaye. Oga hukohuko, nguo ziache hukohuko. Wakikunyima maji na barakoa, ondoka, kazi nyingine utapata. Na usiwe na haraka ambayo mwingine ndiye atakayeumia kwayo.

Mungu ailinde pumzi yako, akujalie watoto wazima, akupe moyo wa kusikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Amina.